Mafuta Yaliyobaki Kikaangoni

Jua lilipoanza kuzama nyuma ya miti ya rimu, Ngahuia alichukua ndoo akateremka ziwani kuteka maji ya chai. Mdogo wake Piata alimfuata nyuma akijikwaa kwenye mizizi, na kwa kila hatua alikuwa na lawama mpya.

"Dada, mimi bado sijaona raha yake. Visubi vimenila mpaka ndani ya masikio. Choo kiko mbali utadhani ni cha kijiji kingine. Godoro limetoka upepo, nimelalia mzizi usiku kucha."

"Endelea. Bado hujataja baridi."

"Baridi nilikuwa naiwekea akiba."

Ngahuia alicheka. Wiki tatu zilikuwa zimepita bila mdogo wake kutia neno la mzaha, na kulisikia hapo kando ya maji kulimpa furaha kubwa.

"Haya, na uzuri wake?"

Piata alilitazama ziwa. "Hakuna mtu. Na simu haishiki."

Ndiyo maana walikuwa hapo. Mume wa Piata, jina lake Dion, alikuwa amemvunja mbavu mbili na kumtoa jino kwa sababu ya chakula kilichopoa. Mahakama ilimpa Dion amri ya kutomkaribia mkewe, naye akaipokea kama mtu anayepokea tangazo la mnada. Ngahuia aliomba likizo kwenye kiwanda cha nyama alikofanya kazi ya kutenganisha nyama na mifupa, akampakia mdogo wake garini na kumleta kwenye kambi ya Rotohina, ambako familia yao ilikuwa ikija tangu wakiwa wadogo. Alimwahidi jambo moja tu: mkono wa mwanamume yule hautamgusa tena. Aliahidi kwa kiapo, na alikuwa mtu wa kutimiza.

Pasaka ilikuwa imepita. Wapiga kambi wote walikuwa wamekunja mahema yao na kurudi mjini, na mlinzi wa eneo alipita Jumamosi kwa Jumamosi. Hema lilikuwa moja tu chini ya miti yote ile.

Walipokuwa wanarudi na maji, Ngahuia aligeuka. Upande wa pili wa ziwa, ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka mlimani.

"Tembea," alisema. "Hatujakaanga."

Kukaanga Rotohina hakukuwa na uhusiano na njaa. Ukungu ukishuka, kila hema huweka kikaango motoni, hata kama watu wameshiba mpaka hawawezi kuinama. Kitunguu, mafuta ya kondoo, moshi mwingi. Halafu kila mtu huchovya kidole na kujipaka paji la uso na shingo, watoto kwanza. Ndani ya ukungu hukaa watu wengine, warefu, weupe, wenye nywele nyekundu, ambao wazee waliwaita patupaiarehe. Hao hula vibichi. Chakula kilichopikwa ni najisi kwao, na aliyepakwa mafuta yake hawamgusi. Ngahuia hakujua kama anaamini. Katika miaka yote hiyo hapakuwa na mtu aliyejaribu kukaa bila kupaka, kwa hiyo hapakuwa na wa kumuuliza.

Aliwasha jiko dogo la gesi mbele ya hema. Mafuta yalianza kulia, akamimina vitunguu, moshi ukapanda. Piata alikaa kwenye kiti cha kukunja akikata mkate.

Ndipo waliposikia gari.

Lilikuja polepole juu ya changarawe. Kisu cha mkate kilisimama mkononi mwa Piata, na rangi ikamtoka usoni. "Ni Dion," alisema.

"Umejuaje kuwa ni yeye?" Ngahuia alinong'ona.

"Naijua ile injini."

"Kajuaje tuko hapa, Piata?"

Piata alianza kulia kabla ya kujibu. "Nilimwandikia... pale dukani, uliponunua gesi. Nilitaka tu ajue kuwa sijafa."

Ngahuia hakumgombeza. Alikuwa na hasira, lakini muda wa kuitumia haukuwapo. Alichukua kile kisu cha mkate na kukificha ndani ya mkono wa koti lake.

Dion alishuka, akaacha taa za gari zikiwaka. Alikuwa amechana nywele na kuvaa shati la pasi. Mkononi alishika tochi ndefu ya chuma.

"Habari za jioni, shemeji," alisema. "Harufu nzuri hiyo."

"Rudi ulikotoka, Dion. Kuna amri ya mahakama."

Dion alitazama miti, akatazama ziwa, akatabasamu. "Mahakama iko wapi hapa? Hebu iite. Paza sauti."

Upweke ambao Ngahuia aliusifu siku tatu nzima ulikuwa sasa mali ya Dion.

"Piata, mama, simama. Twende nyumbani."

"Haendi," Ngahuia alisema, akasimama yeye.

Tochi ilimpata kwenye taya. Alisikia kitu kikivunjika ndani ya kichwa chake, na alipopiga magoti alitema damu pamoja na jino. Pigo la pili lilimpata shingoni. Dion alimruka, akamkamata Piata nywele na kuanza kumburuta kuelekea garini. Piata hakupiga kelele hata kidogo. Alikuwa amezoea kwamba kelele huongeza kipigo, na kimya hicho kilimkata Ngahuia maini kuliko tochi.

Alitambaa. Akamfikia. Akakizamisha kisu cha mkate katika paja la Dion na kukizungusha, jinsi anavyofanya kazini akitafuta kiungo.

Dion alinguruma, akamwachia Piata. Akageuka na kumpiga Ngahuia teke la mbavu, kisha la pili, la tatu. Teke la nne alilipiga jiko. Jiko liliruka, moto ukazimika, kikaango kikabiringika mpaka mlangoni mwa hema.

"Vitunguu vyenu!" alisema akihema. "Ukoo mzima mnanuka vitunguu, na mambo yenu ya vizee..."

Aliinua tochi kuelekea miti.

Ukungu ulikuwa umefika.

Uliingia kati ya miti bila upepo wowote, ukameza meza ya mbao, ukameza njia ya ziwani. Harufu ya vitunguu ilififia. Nyingine ikaja mahali pake: kuvu, matope, utumbo wa samaki mbichi. Mbali kidogo, filimbi ilianza kulia. Ilikuwa sauti ya chini, ya pumzi zaidi kuliko wimbo.

Ya pili ikaijibu. Hii ilikuwa nyuma ya hema.

"Kuna nani huko?" Dion aliuliza. "Mmekuja na nani?"

Ngahuia alikuwa anajivuta kwa viwiko kuelekea kikaango. Kilikuwa kimelala upande, na mafuta machache yalikuwa yamebaki ndani, yameanza kuganda. Aliyakusanya kwa vidole. Alimpaka Piata paji la uso, mashavu, shingo, mikono. Kisha akajipaka mwenyewe juu ya damu yake. Alipomaliza, ndani ya kikaango palibaki mafuta ya kujaza kiganja.

Dion alikuwa anachechemea kwenda garini. Taa zilionyesha weupe mtupu. Halafu ndani ya weupe huo, kitu kilipita mbele ya taa ya kushoto. Kikapita mbele ya taa ya kulia. Kilikuwa kirefu kuliko mlango wa gari.

"Ondoka hapo!" Dion alipiga kelele, akarusha tochi.

Haikusikika ikianguka. Mtu alikuwa ameidaka.

Ngahuia aliona mkono ukitoka kwenye ukungu, mweupe, wenye vidole virefu vilivyolowa maji. Ulimshika Dion kifundo cha mkono, kwa upole kabisa. Kisha ukapinda. Mfupa ulikatika kwa sauti ambayo Ngahuia aliijua vizuri kutoka kazini, na Dion alilia kilio ambacho hakukijua kutoka popote. Mikono mingine ilitoka. Mmoja ulimshika taya. Mwingine uliingia kwenye jeraha la paja, kidole baada ya kidole.

Walimvuta ndani. Alirushwa ubavuni mwa gari, gari likatikisika. Taa moja ilipasuka. Kila filimbi zilipolia yeye alilia, zikinyamaza alinyamaza.

Kisha walimwachia kidogo, haikujulikana kwa mchezo gani.

Alitambaa kutoka kwenye ukungu mpaka hatua mbili tu kutoka walipokuwa. Shati halikuwapo, na ngozi ya mgongo ilikuwa imechanwa kwa mistari. Sikio moja lilikuwa limeng'olewa. Aliona nyuso zao zinavyong'aa kwa mafuta, akaona kikaango, na mtu aliyekuwa akicheka mambo ya vizee akaelewa yote mara moja.

"Shemeji..." alinong'ona. "Nipake."

Ngahuia aliyachota mafuta yaliyobaki. Yalijaza kiganja chake.

"Shemeji, nakuomba. Nitaondoka. Hutaniona tena... Nipake."

Nyuma yake walikuwa wamesimama. Miguu ndiyo pekee iliyoonekana, myeupe, isiyo na haraka. Walingoja kama watu wanaomngoja mpishi aamue.

"Dada," Piata alisema. "Mpe."

Ngahuia alimtazama shemeji yake machoni. Aliziona mbavu za mdogo wake, picha zile za hospitali, zile nyeusi na nyeupe. Akaona na kesho, kesho kutwa, na shati jingine la pasi. Aliinua kiganja taratibu, akayafuta mafuta yote kwenye nywele zake mwenyewe. Alifuta mpaka kiganja kikawa kikavu.

"Dada!"

Mikono ilishuka.

Hawakumvuta safari hii. Walifanya kazi yao hapohapo, mbele ya hema, na damu iliwarukia ndugu hao wawili kwenye magoti. Ngahuia alimfunika Piata macho, lakini masikio hakuweza kuyafunika yote mawili. Mwanamume mzima huchukua muda mrefu. Mtu wa kiwanda cha nyama alidhani anajua hilo, akagundua kwamba hakuwa akijua lolote. Mmoja wao aliinama mpaka karibu na uso wake, akamnusa, akageuza kichwa kwa kinyaa. Nywele zake zilikuwa nyekundu, zenye matone ya maji. Hakuwa na hasira hata chembe.

Asubuhi jua lilipopanda, ukungu ulikuwa umerudi mlimani. Gari lilikuwapo, mlango wazi, taa moja imepasuka. Kiatu kimoja kilikuwa juu ya meza ya mbao, kamba zake zimefunguliwa. Nyasi zilikuwa zimelowa, lakini zilikuwa zimelowa maji tu.

Polisi walikuja na mbwa. Mbwa alifika kwenye ukingo wa miti, akalala chini, akakataa kata kata kwenda mbele. Wazamiaji walitafuta ziwani siku nne. Mwisho iliandikwa kwamba mtu aliyechomwa kisu na mtu anayejitetea aliingia msituni katika ukungu, akapotea, na huenda alizama. Askari alilitazama taya la Ngahuia lililofungwa waya, akamwambia alifanya alichopaswa kufanya. Piata alikuwa amekaa pembeni. Aliwaeleza kuhusu tochi, kisu na mateke, kila kitu kwa mpangilio. Kuhusu mafuta hakusema neno.

Walirudi nyumbani kwa Ngahuia, mjini, karibu na mto. Piata alinenepa kidogo. Alipata kazi dukani. Ngahuia alipomwona akivaa viatu asubuhi bila kuchungulia dirishani kwanza, moyo wake ulitulia, na aliamini kwamba yaliyofanyika yalistahili.

Jioni moja ya mwezi wa sita, wakiwa mezani, Piata aliweka uma chini.

"Yalikuwa yanatosha," alisema.

"Nini?"

"Unajua nini."

Ngahuia alitafuna polepole. Taya bado lilimuuma wakati wa baridi. "Angekuua, Piata. Kama si mwezi huo, mwingine."

"Najua. Nikiwa nimeamka najua." Sauti yake haikuwa ya ugomvi. "Lakini nikilala, siwaoti wao, dada. Wala yeye simuoti. Naota ule mkono wako, jinsi ulivyokwenda taratibu."

Alibeba sahani yake, akaiosha, akaenda chumbani. Ngahuia alibaki amekaa na chakula kilichompoa. Alitaka kumfuata na kumweleza, lakini alipojaribu kupanga maneno aligundua kwamba hakuwa na la kueleza. Alikuwa amefanya kwa makusudi, na usiku ule alifurahi.

Nje, ukungu wa mtoni ulikuwa umefika kwenye ukuta wa ua. Mjini hakuna anayekaanga kwa ajili ya ukungu. Aliinuka kwenda kufunga dirisha la jikoni, na mkono ulipogusa komeo alisikia harufu ile ya kuvu na matope.

Kisha, karibu kabisa na kioo, mtu alivuta pumzi.

"Shemeji..."

Ngahuia alirudi nyuma. Kiti kilianguka. Alipita ukumbini mbio mpaka kwenye mlango wa mdogo wake, akaugonga kwa kiganja.

"Piata. Piata, nifungulie!"

Ndani, miguu ilishuka kitandani, ikaja mpaka mlangoni. Alimsikia mdogo wake akipumua upande wa pili wa ubao, karibu kiasi cha kuweza kumgusa.

Halafu alisikia ufunguo ukizungushwa mara mbili, na mlango ukabaki umefungwa.