Trekta Linalovuja na Mkeka wa Mama Celestina

Kila asubuhi Mama Celestina alianika kahawa yake chini ya mteremko, pale Songambele. Mkwe wake, Rwegoshora, alipita hapo na trekta lake kuukuu, likivuta tela la ndizi. Kila mara alipunguza mwendo akasalimia. Mama mkwe hapigiwi honi.

Jumanne moja hakusalimia. Alikanyaga breki, trekta likaendelea tu. Mama Celestina alikimbia. Trekta liliangusha migomba miwili, likasimama hatua tatu kutoka kwenye mkeka wa kahawa. Hakuna aliyeumia, Mungu ashukuriwe. Lakini tangu siku hiyo mama alianika nyuma ya nyumba, kivulini, na kahawa ikaanza kuota ukungu.

"Mama yangu anaogopa uwanja wake mwenyewe," alisema Benadeta, mke wa Rwegoshora. "Trekta hilo halishuki tena mpaka lipone."

"Ni oili tu inavuja kwenye gurudumu la kulia," Rwegoshora alijitetea. "Nimebadilisha sili, ule mpira wa kuzuia oili, mara mbili. Ikipungua, naongeza."

"Na limepona?"

Rwegoshora ni mbishi, lakini safari hii alikubali fundi aitwe.

Wakamwita Umutesi, fundi wa matrekta kutoka Murongo. Alikinga magurudumu ya mbele kwa mawe. Akainua nyuma kwa jeki, kisha akaweka magogo imara chini ya ekseli.

"Jeki huteleza," alisema. "Usiiamini peke yake."

Alifungua gurudumu na ngoma ya breki. Ndani kote kulikuwa na oili.

"Unaona, mzee? Breki hushika kwa kusuguana. Zikilowa oili zinateleza. Hizi shuu, hivi vibao vinavyosugua ngoma, zimeshakunywa oili, kuzifuta hakutoshi. Tuweke mpya, kulia na kushoto, ili zishike sawa."

"Na sili nayo ni mbovu?"

Umutesi alipitisha ukucha kwenye shafti. "Shafti ni laini. Ingekuwa na mfereji, kila sili mpya ingevuja. Hapa kuna kitu kinachoisukuma oili."

Akapanda juu ya trekta, akapapasa juu ya difu, lile boksi la gia la nyuma. Akachomoa kipande cha ganda kavu la mgomba, kimesokotwa vizuri.

"Nani aliziba hapa?"

Benadeta alimtazama mumewe. Rwegoshora akatazama migomba.

"Mimi," alisema. "Wakati wa masika. Nilizuia maji yasiingie. Si hivi tunavyoziba kibuyu cha rubisi, pombe yetu ya ndizi?"

"Na rubisi ikichacha ndani ya kibuyu kilichozibwa?"

"Inasukuma kizibo."

"Basi ndiyo hayo. Trekta likifanya kazi, difu hupata joto na hewa hutanuka. Difu hupumulia tundu hili. Ukiliziba, hewa inaisukuma oili itokee kwenye sili. Na wewe ukiongeza oili kupita alama, unazidisha."

Rwegoshora alicheka kwa aibu. Miezi mitatu alikuwa anatibu mguu, kumbe pua ndiyo iliyozibwa.

Umutesi alisafisha tundu, akaweka kifuniko chake chenye nafasi ya kupitisha hewa. Akafunga sili na shuu mpya. Akapima oili mpaka kwenye alama, basi. Oili chafu aliiweka kwenye dumu. "Usiimwage kibanjani kwenye migomba wala mtoni," alisema. Kisha wakajaribu breki kwanza kwenye tambarare. Zikashika.

Kesho yake Rwegoshora aliteremka polepole, Benadeta akimfuata kwa miguu. Alikanyaga breki mbele ya uwanja wa mama mkwe. Trekta likasimama pale pale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Zima kwanza hilo dude."

Akazima. Mama Celestina alilizunguka trekta, akainama, akapapasa nyuma ya gurudumu la kulia. Akatazama vidole vyake. Vilikuwa vikavu. Akaingia ndani.

Mama akatoka na mkeka kwapani. Akaukunjua mahali pake pa zamani, hatua tatu mbele ya trekta, akamwaga kahawa yake juani.