Mchwa Katika Nyumba ya Kombo

Mchwa walikuwa wakila nguzo. Walikuwa elfu arobaini, wa chuma cheupe, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele. Walipoipanda nguzo ya saruji iliyosimama katikati ya sebule ya Bi. Mwanaidi, ungesema mtu amemwaga maziwa, nayo maziwa yakakataa kutiririka chini yakaamua kupanda. Hapakuwa na nyundo wala vumbi. Palisikika mnong'ono tu, kama manyunyu juu ya majani ya mgomba. Kila mchwa alitafuna chembe, akaibeba tumboni, akashuka nayo mpaka penye ufa ukutani, akaitema na kuibandika kwa gundi yake mwenyewe. Nguzo ikapungua kutoka juu, kidogo kidogo, mpaka ikawa kama kigoda, kisha kama sahani, kisha ikawa sakafu.

"Subhanallah," alisema Bi. Mwanaidi. Tasbihi ilikuwa mkononi, lakini kidole kilikuwa kimesimama kwenye punje moja tangu mchwa walipoanza.

"Bado hujaona kitu, mama," alisema Fundi Stamili, binti mrefu aliyevaa ovaroli ya buluu. "Ngoja wafike kwenye ule ukuta."

Miaka hiyo mji wa Tanga ulikuwa umegeuka. Magarihewa yalipita juu ya mapaa bila moshi, na majumba marefu ya kule Raskazoni yalijiosha yenyewe kila alfajiri. Lakini katika mitaa ya ndani zilibaki nyumba za matofali ambazo watu walijijengea, kila moja na kasoro yake: mlango unaogonga kabati, dirisha linalotazama ukuta wa jirani, ngazi isiyokwenda popote. Kubomoa na kujenga upya ni kazi ya wenye nacho. Ndipo walipokuja mchwaumeme. Fundi mmoja, ndoo moja, kwa bei ya jogoo. Hawakuhitaji mfuko wa saruji wala tripu ya mchanga.

"Kila nyumba ina kila inachohitaji," Fundi Stamili alipenda kusema. "Ila kimewekwa pasipofaa."

Nyumba hii ilijengwa na marehemu mume wa Bi. Mwanaidi, fundi mwashi aliyeitwa Kombo. Aliijenga kabla hawajaoana, na mtaa mzima uliicheka. Nguzo katikati ya sebule haikubeba kitu. Kati ya ukumbi na jiko palikuwa na kidato cha kushuka ambacho kilikuwa kimewaangusha wageni wengi na sinia zao. Na chumba cha nyuma kilikuwa na ukuta uliokaa upande, kama mtu anayekaa mkao wa kununa, ukaacha nyuma yake pembetatu isiyoingia hata kitanda cha mtoto.

"Fundi Kombo, hata nyumba yako kombo!" watu walimtania.

"Ningeinyoosha mngesema si yangu," alijibu, akacheka, akaendelea na kazi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alifariki miaka saba iliyopita bila kuongeza neno juu ya hilo.

Chumba kile cha nyuma alilala mama yake, Bi. Mize, ajuza asiyeona kabisa. Baada ya Kombo kufariki, Bi. Mwanaidi hakurudi kwao. Walibaki wajane wawili, mkwe na mkazamwana, wakila sahani moja. Lakini jirani yao Mashavu alikuwa na ulimi. "Siku moja utamwokota hapo kwenye kidato," alisema, "na mji mzima utasema mkazamwana kamuua." Neno lile likamwingia Bi. Mwanaidi likakaa. Basi Bi. Mize alipokwenda Pangani kumtazama bintiye, siku nne, Bi. Mwanaidi akamwita fundi. Alitaka kumwandalia mama mkwe wake nyumba isiyomdhuru.

Kabla ya kumwagwa, mchwa walikuwa wameipima nyumba kwa jichopima, mwale mwembamba uliopita kila pembe. Kisha ndoo ikasema kwa sauti ya kike iliyotulia: "Nimekuta kombo tisa katika nyumba hii. Niondoe kombo zote?"

Bi. Mwanaidi aliposikia jina la mumewe linatoka kwenye ndoo, alicheka, huku macho yakimuwasha.

"Sema ndiyo au hapana, mama. Haielewi kicheko."

"Ndiyo," alisema. "Ondoa zote."

Sasa mchwa walikuwa wamefika kwenye ule ukuta. Bi. Mwanaidi alisimama mlangoni akashika fremu. Ukuta ulitembea. Mchwa walikula upande wa mbele wakajenga upande wa nyuma, safu kwa safu, nao ukuta ukazunguka polepole kama mlango unaosukumwa na upepo usio na haraka, mpaka ukalingana na zile kuta nyingine tatu. Chumba kilichokuwa na pembe za ajabu kikawa mraba. Haikupita saa nzima. Alimkumbuka Kombo akikesha wiki nzima kwa ukuta mmoja, na akamsifu Mola aliyewapa waja wake akili ya namna hii.

Adhana ya alasiri ilipolia, akatandika mkekadira wake sebuleni. Ulikuwa mkeka ambao, ukiwekwa chini, huchora mstari wa mwanga kuelekea kibla. Mji mzima uliswalia mikeka hiyo. Hakuna tena aliyeuliza kuta.

Ijumaa, saa kumi alasiri, garihewa likatua mbele ya nyumba, na Bi. Mize akashuka na kikapu cha embe. Bi. Mwanaidi akambusu mkono, akataka kumshika.

"Niache, mwanangu," alisema Bi. Mize kama alivyosema siku zote. "Nyumbani kwangu sishikwi mkono."

Akaingia mwenyewe. Alikwenda hatua saba, akanyoosha mkono wa kulia mbele, vidole vimefunguka kama anayepokea kikombe. Vidole havikukuta kitu. Akaongeza hatua mbili. Akapapasa kulia, akapapasa kushoto. Sebule ilikuwa pana na tupu, na yeye alisimama katikati yake kama aliyeshushwa kituo kisicho chake.

"Mwanaidi."

"Abee, mama."

"Mmenileta kwa nani?"

Bi. Mwanaidi alikimbilia kumweleza. "Ni nyumbani, mama! Nimekutengenezea. Nguzo imeondoka, kidato kimesawazishwa, na kile chumba chako sasa kimenyooka sawasawa. Hujikwai tena."

"Nilijikwaa lini?"

Kweli, walioanguka wote walikuwa na macho.

"Nipeleke chumbani," alisema Bi. Mize, na kwa mara ya kwanza katika nyumba ile akanyoosha mkono ashikwe. Ulikuwa mwepesi kama ganda la ndizi kavu.

Chumbani aliomba aachwe aswali. Aliweka kiganja ukutani, akaufuata mpaka pembeni, akapapasa hapo kwa ncha ya kidole kama anayetafuta kitu, asikipate, akatandika mkeka wake wa kawaida kwa kuusukuma mpaka ukagusa ukuta, kama alivyofanya kila siku. Akasimama wima. "Allahu akbar."

Bi. Mwanaidi naye akatandika mkekadira nyuma yake. Mstari wa mwanga ukachorwa sakafuni. Haukwenda alikoelekea Bi. Mize. Ulikata upande wa kulia, mbali naye, kuelekea mahali ambapo pembe ya zamani ya chumba ilikuwa.

Aliutazama mstari, akamtazama bibi, akautazama tena mstari. Hapo ndipo alipoelewa. Ukuta ule haukuwa umekaa upande. Nyumba nzima ilifuata barabara. Ukuta ule peke yake ulifuata kibla.

Hakuweza kumkatiza mtu aliye mbele ya Mola wake, wala hakuweza kuswali nyuma yake. Alisimama tu. Bi. Mize alirukuu, akasujudu, akatoa salamu, uso wake umeelekea kituo cha magarihewa.

"Mama," alisema Bi. Mwanaidi. "Nisamehe. Umeelekezwa siko."

Bi. Mize hakupiga kelele. Aliuweka mkono ukutani akautuliza hapo kama anayepima homa ya mtoto.

"Mungu anaijua nia," alisema. Kisha akaongeza: "Mwaka ule alipochimba msingi, macho yangu yalikuwa yameanza kuniaga. Sikumwambia mtu. Niliona aibu. Nilitia chumvi kwenye chai nikasema nimesahau tu. Kombo aliinywa. Hakusema neno. Akajenga."

"Alikuambia, mama?"

"Hata siku moja. Nilipoingia mara ya kwanza nikakuta nguzo, nikajua niko katikati. Kidato kikaniambia, taratibu, mbele kuna moto. Na huu ukuta ukanishika bega ukanigeuza. Nikamwambia, mwanangu, nyumba nzuri. Akasema, ina kombo, mama. Nikamwambia, iache."

Bi. Mwanaidi alikaa sakafuni akalia, kwa kuwa aliisikia tena sauti yake mwenyewe ikiiambia ndoo: ondoa zote.

Jumamosi asubuhi Fundi Stamili alirudi. Alisikiliza kisa chote bila kukatiza, kisha akaiwasha taa ya kumbukumbu iliyokuwa kwenye mfuniko wa ndoo. "Hakuna wanachokula mchwa wakakisahau," alisema. Hewani pakasimama chumba cha zamani, cha mwanga mtupu, na ukuta wake wa upande. Fundi akaupima. Akapima tena. Akakuna kichwa.

"Ukuta ulikengeuka nyuzi thelathini na moja. Na kibla cha hapa ni nyuzi hizo hizo kutoka usawa wa barabara, mama. Ukuta ulikielekea sawasawa. Mashine zangu haziwezi kuurekebisha hata kwa unene wa unywele. Marehemu alitumia kifaa gani?"

"Timazi na uzi," alisema Bi. Mwanaidi. "Na watu walisema alisimika kijiti uani, akawa anakaa kutazama kivuli chake, siku baada ya siku. Walidhani mvivu."

Fundi Stamili aliutazama ule ukuta wa mwanga kama Bi. Mwanaidi alivyowatazama mchwa. Kisha akauonyesha kwa kidole. Kutoka mlangoni mpaka pembeni, usawa wa kiuno, ulipita mfereji mdogo wa upana wa vidole viwili. Ndoo ilikuwa imeuandika: *uchakavu, umezibwa.*

"Miaka ya kupapasa," alisema fundi kwa sauti ndogo. "Nasi tukauziba."

Mchwa wakamwagwa tena. Kufika adhuhuri nguzo ilikuwa imesimama, kidato kimeshuka, ukuta umezunguka ukarudi kununa mahali pake, na mfereji umechongwa upya. Bi. Mize akaletwa mlangoni. Akaachiwa. Hatua saba, mkono mbele, vidole vikagonga saruji, na uso wake ukafunguka.

"Ee! Umerudi, mzee," aliiambia nguzo, akaipiga kofi.

Wakacheka wote watatu. Alikwenda chumbani peke yake akaingiza vidole kwenye mfereji, akaufuata. Karibu na pembe akasimama. Akarudi nyuma, akapita tena. Akatafuta mahali pamoja, juu kidogo, kwa ncha ya kidole.

"Hapa palikuwa na gumba lake," alisema.

"Gumba la nani, mama?" aliuliza Fundi Stamili.

"La Kombo. Alipaka chokaa siku ya mwisho ya kazi, akaibonyeza kabla haijakauka. Kila nikifika hapa huligusa, ndipo natandika mkeka."

Fundi akarudi kwenye taa ya kumbukumbu. Alitafuta kwa muda mrefu, akikuza, akigeuza. Mwishowe akaiinamia ndoo kama mtu anayeomba radhi msibani. "Halimo, mama. Mchwa hawahifadhi kitu kidogo kiasi hicho. Wanakihesabu uchafu."

Bi. Mwanaidi aliziba mdomo kwa kanga. Vyote vilivyoliwa vilikuwa vimerudi, isipokuwa kile kimoja ambacho hakuna mashine wala mtu aliyeweza kukirudisha, na yeye ndiye aliyesema ndiyo.

Bi. Mize ndiye aliyesema tena. "Una chokaa mbichi, fundi?"

"Ninayo kidogo."

"Paka hapa. Mwanaidi, njoo."

"Mama, mimi siwezi. Mimi ndiye niliye..."

"Nimekuita, mkazamwanangu. Sikukuuliza." Alimkamata kidole gumba, akakielekeza kwa uhakika kuliko wenye macho, akakibonyeza kwenye chokaa. "Miaka saba ulikuwa na njia ya kwenda kwenu hukwenda. Unadhani sioni? Bonyeza vizuri."

Chokaa ilikuwa baridi. Bi. Mwanaidi alipoondoa kidole, alama ilibaki, imepinda kidogo upande mmoja.

Fundi Stamili aliwakusanya mchwa. Walirudi wakitiririka mpaka ndani ya ndoo, na jichopima likaipitia nyumba mara ya mwisho, kama ilivyo desturi ya kumaliza kazi. Mwale ukafika ukutani ukasimama.

"Nimekuta kombo moja mpya, ukutani, ndogo," ilisema ndoo. "Niiondoe?"

Fundi akafungua mdomo, lakini Bi. Mize alimtangulia.

"Hiyo ina mwenyewe," alisema.

Ndoo haikulijua jibu hilo. Ilijua ndiyo na hapana tu. Ikakaa kimya ikingoja, na mchwa elfu arobaini wakangoja pamoja nayo, huku ajuza akigusa alama ile mbichi kwa ncha ya kidole, akigeuka, akitandika mkeka wake.