Aliyefuta Jina la Mferejini

Siku ya mechi, lango la uwanja halina adabu. Linakumeza ukiwa umenyooka na kukutema ukiwa umekunjamana, na likikuonea huruma linakuachia viatu vyote viwili. Jumamosi ile halikumwonea huruma Twiga. Kijana huyo mchora mabango, aliyepewa jina kwa urefu wake, alisukumwa na kuvutwa mpaka alipotokea ndani, jezi yake nyekundu ilikuwa imechanika kutoka begani hadi kwapani.

"Vua," sauti ya kike ilisema.

Aligeuka. Kando ya ukuta, chini ya mwavuli mkubwa, msichana alikuwa amekaa nyuma ya cherehani. Alivaa gauni la njano lililomkaa kiunoni kana kwamba alilishona akiwa amelivaa, tepu ya kupimia ikining'inia shingoni, pini zimejaa mdomoni. Kazi yake ilikuwa kushona namba na majina kwenye jezi za mashabiki.

"Nivue hapa, mbele za watu?"

"Una nini wewe ambacho watu hawajakiona? Vua, mpira unaanza."

Akavua. Msichana akaipokea jezi, akaigeuza ndani nje, akaanza kushona. Bila kuinua macho akamuuliza, "Unakaa njia gani?"

Swali hilo lilikuwa na mizizi. Timu ilizaliwa katika vichochoro vya mtaa wa Mferejini, ikaitwa Mferejini, na mashabiki wake walizoea kuulizana njia wanayokaa kabla ya kusogezeana nafasi. Kwenye jukwaa la wapiga ngoma hasa, asiyeweza kutaja kichochoro chake alitazamwa mpaka akaondoka mwenyewe. Twiga alikuwa na jibu lake tayari.

"Njia ya Mapipa."

"Mapipa nimezaliwa mimi. Mtu mrefu hivyo angepita wapi nisimwone?"

Twiga akainama kidogo, akashusha sauti. "Natoka kule juu, kilimani. Usinitangaze."

Msichana aliacha kushona. Akatoa pini mdomoni ili amtazame vizuri. Twiga akamweleza kwamba ameipenda timu hii tangu akiwa mdogo, na kwamba jezi huibeba ndani ya mfuko mpaka avuke daraja, kwa sababu kule kwao ukivaa shati lililoandikwa Mferejini watu wanakuuliza kama nyumba yenu imeingia maji tena.

"Maskini wewe," alisema msichana, na kicheko kikamponyoka. "Kule unaficha jezi, huku unaficha nyumbani. Sasa unaishi wapi?"

Alipomaliza kushona alimshika mkono, akampeleka mwenyewe hadi jukwaa la ngoma, kwa mzee mwembamba aliyekuwa akipuliza honi ya gari kuukuu mpaka mishipa ya shingo inamtoka. "Baba, huyu ni mteja wangu." Mzee Honi akasogea. Mteja wa binti yake hakuulizwa njia.

Mapenzi yakaanza hapo, na mapenzi hayana breki. Twiga alimpa jina Sindano, na Sindano akamruhusu kulitumia. Kila alipokuwa juu ya ngazi akiandika jina la duka la mtu, simu ilikuwa imebanwa kati ya sikio na bega.

"Umekula?"

"Nimekula harufu ya rangi."

"Utakufa mapema uniache mjane kabla hujanioa."

"Kwa hiyo nitakuoa?"

"Nimesema hivyo? Mtandao unakatika huku kwetu, mpenzi, sikusikii."

Basi ikawa hivyo msimu mzima, raha mustarehe, na mtaa ulikuwa umemzoea hata ulipojua anatoka kilimani. Lakini maji yakitulia sana, chungulia chini.

Tajiri mmoja aliinunua timu. Alisimama katikati ya uwanja, akatazama majukwaa, akaona nusu yake ni tupu, na nusu hiyo ilikuwa tupu kila Jumamosi. Akasema mji mzima hauwezi kuja kuishangilia timu yenye jina la mtaa mmoja, tena mtaa wenyewe ule. Kuanzia msimu ujao timu itaitwa Jiji. Rangi itakuwa bluu. Na ule ukuta wa nje, ulioandikwa MFEREJINI kwa herufi nyekundu ndefu kuliko mtu, upakwe upya. Herufi hizo Mzee Honi na wenzake waliziandika kwa mikono yao walipokuwa vijana, wakati timu haina hata mpira wa akiba.

Kazi ya ukuta akapewa Twiga.

Aliipokea. Ulikuwa ukuta mkubwa kuliko wowote aliowahi kugusa, na fundi gani asiyetamani ukuta kama huo? Kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu: moyoni alikubaliana na tajiri. Alijiambia atamweleza Sindano kesho. Kesho ikazaa kesho nyingine, nayo ikazaa. Mwanaume akishaanza kuogopa mazungumzo, hata kusema habari za asubuhi kunakuwa kazi.

Sasa, rangi nyekundu ya mafuta ina ukorofi wake. Ukiipaka rangi nyingine juu yake hivihivi, leo itanyamaza, lakini ikipigwa na unyevu itapanda. Dawa yake ni kuikwangua, kisha kupaka rangi nzito ya kuzibia, ikauke, ndipo uje na rangi yako. Kila mchora mabango anajua hilo kabla hajajua kunyoa ndevu. Twiga alikuwa amekwangua, na alikuwa akielekea kwenye kopo la rangi ya kuzibia, simu ilipolia.

"Uko wapi?" Sindano aliuliza. Sauti yake ilikuwa tulivu mno.

"Kazini, mpenzi."

"Kazi gani?"

"Ya ukuta."

"Ukuta upi? Maana baba amesimama ng'ambo ya barabara, amenipigia kuniuliza kama yule aliye kwenye ngazi siye mteja wangu."

Twiga akageuka. Kweli, mzee alikuwa amesimama upande wa pili, mikono nyuma.

"Nilitaka kukwambia."

"Lini? Tukishazaa? Jana ulikaa hapa, ukanywa chai yetu, ukamsifia baba honi yake. Na kazi hii ulikuwa nayo tayari?"

"Nilikuwa nayo."

"Ningejua kwako ningelia, yangeisha. Nimejua kwa baba yangu, Twiga. Amesimama juani anatazama anavyofutwa, na anayemfuta nilimleta mimi."

"Nakupenda wewe. Ule ni ukuta tu."

"Basi kaoe ukuta." Simu ikakatika. Alipopiga tena haikupokelewa.

Alipanda ngazi haoni vizuri. Machozi ya mwanaume mzima, juu ya ngazi, mbele ya barabara kuu, ni aibu kubwa, kwa hiyo aliugeukia ukuta akapaka. Alipaka bluu, kisha kwa nyeupe akaandika JIJI, akashuka, akakusanya vitu vyake. Hakukumbuka hata alivyofika kwao.

Ilipita kama mwezi hivi, Sindano hapokei simu. Kisha mvua ikanyesha kwa siku kadhaa, na jua lilipotoka, watu wa Mferejini nao walitoka. Chini ya ile bluu, herufi nyekundu zilikuwa zimepanda. JIJI ni neno fupi na MFEREJINI ni refu, kwa hiyo jina la zamani lilikuwa limelizunguka jipya pande zote, na hata asiyejua kusoma aliona nani mwenye nyumba. Ngoma zikatolewa. Mzee Honi alipuliza honi mpaka akaishiwa pumzi, akakalishwa kwenye kiti.

Na hapo ndipo uvumi ulipozaliwa. Fundi mmoja alisema hakuna mchora mabango anayeweza kusahau rangi ya kuzibia. Kama haiwezekani kusahau, basi amefanya makusudi. Kama amefanya makusudi, basi yule kijana wa kilimani amemcheza shere tajiri kwa ajili yao. Jioni ile hakuna mtu Mferejini aliyeutilia shaka.

Twiga mwenyewe alikuwa chumbani, anatazama kopo la rangi ya kuzibia. Halikuwa limefunguliwa hata kidogo. Aliona haya ambayo hajawahi kuiona, maana hajawahi kuharibu kazi ya mtu. Tajiri alikuwa akimpigia, naye hapokei. Simu ikaita tena, lakini safari hii alikuwa Sindano.

"Nimeona," alisema, na alikuwa akilia. "Mbona hukuniambia, we mwanaume? Niliongea na wewe vile, na kumbe moyoni una jambo lako."

"Sindano, nisikilize."

"Leo nisikilize wewe. Baba amelitaja jina lako kwenye chakula. Anakuita mwanangu."

Twiga alifungua mdomo aseme ukweli. Mdomo ukatoa neno jingine. "Nimekukosa," alisema.

"Njoo basi."

Akaenda. Tusimlaumu sana, mwenye kiu hachagui kata. Walipatana, wakakaa mkono kwa mkono kwenye benchi nje ya nyumba, majirani wakipita wanampigia saluti. Kila saluti ilimchoma. Alicheka nao, lakini mchana alikula nusu sahani na usiku aligeukageuka tu. Alijua Sindano amemrudia, na hakuwa na hakika kama anayependwa ni yeye.

Siku ya posa alikuja na shangazi yake na mjomba wake. Shangazi alivaa hereni zilizomfanya ashike shingo wima, na kabla ya kuingia alimnong'oneza Twiga, "Wewe kaa kimya, mambo haya yana wenyewe." Sebule ilikuwa ndogo, wakakaa magoti yanagusana. Sindano alikuwa mlangoni, gauni jipya la zambarau, macho chini, tabasamu limemshinda.

"Mimi sina maneno mengi," Mzee Honi alisema. "Nilidhani kijana huyu ametudharau. Kumbe alitutunzia jina. Kwa ukuta ule, binti yangu nampa."

Shangazi akavuta pumzi ya kushukuru. Twiga akasimama, kichwa kikagusa taa.

"Mzee, sikufanya makusudi."

"Kaa chini," mjomba alisema taratibu.

"Nilisahau rangi ya kuzibia. Nilikuwa na mawazo, nikapaka hovyo. Ile ni kazi mbovu, mzee, si mapenzi ya timu. Na hilo jina jipya silichukii. Kule kwetu kuna watoto wanaoipenda timu hii na hawawezi kuivaa. Nilikuwa mmoja wao. Jina likisema mtaa mmoja, wa mitaa mingine wanaona mlango umefungwa."

Shangazi alifumba macho kama mtu anayeng'olewa jino.

"Na sisi?" Mzee Honi aliuliza. Hakupandisha sauti. "Timu iliposhuka daraja, nani alikuwa jukwaani? Mvua ikinyesha, nani alikuwa jukwaani? Tulikuja kwa sababu ni jina letu. Hao wa kwenu, wakija kwa sababu tumejifuta, watakuwa wamemjia nani?"

Twiga akaketi. Mzee akainuka, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Sindano alimvuta Twiga mpaka uani. "Ungenyamaza tu. Ulikuwa umeshanipata."

"Ningenyamaza, ungeolewa na yule wa kwenye hadithi. Mimi ningekuwa nakaa naye nyumba moja, namwonea wivu."

"Mawazo gani hayo yaliyokusahaulisha kazi yako?"

"Ulikata simu. Nilipanda ngazi sioni mbele."

"Kwa hiyo baba amefurahi siku zote hizi kwa sababu mimi nilikuumiza," Sindano alisema. "Na mimi nimekupenda upya kwa jambo ambalo hukulifanya. Hebu niache kwanza, Twiga. Sijui nianze kukasirika wapi."

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Mzee Honi alikuwa amevaa viatu.

"Fundi haozeshwi huku kazi yake mbovu inaonekana barabarani," alisema. "Kairudie."

"Baba," Sindano alisema, "akiirudia vizuri, jina halitapanda tena."

"Mimi ndiye niliyeliandika, unanifundisha litakwenda wapi? Tajiri ataleta mwingine alifute hata hivyo. Heri alifute aliyeniambia ukweli ndani ya nyumba yangu. Mambo ya posa tutayaongea ukuta ukikauka."

Asubuhi iliyofuata Twiga alipeleka ngazi ukutani, na Sindano alikuja kuishika bila kuitwa, gauni la kazini, kitambaa kichwani. Waliopita waliwatukana. Mmoja wa wapiga ngoma aliwaita wasaliti, akatema mate chini. Twiga alipaka rangi ya kuzibia kuanzia mwisho wa jina kurudi nyuma, polepole, tabaka kamili.

Ilipobaki M peke yake, Mzee Honi alivuka barabara.

"Shuka," alisema. "Hiyo niliandika mimi."

Akapanda taratibu, mguu mmoja mmoja, binti yake ameshika ngazi upande huu na Twiga upande ule. Mzee aliweka kiganja juu ya ile nyekundu kwanza, akakiacha hapo kidogo. Kisha akachovya burashi, akaifunika herufi yake kutoka juu mpaka chini, bila kuacha mwanya, kama fundi. Aliposhuka alimkabidhi Twiga burashi.

"Mzee, Jumamosi utakuja?" Twiga alimuuliza.

"Nitakuja. Honi nitaipulizia jina gani, sijajua bado."

Akavuka barabara, akaenda zake kuelekea Njia ya Mapipa bila kugeuka nyuma. Twiga alipanda tena kuangalia kama rangi imeshika, na huko chini Sindano alikuwa akilia waziwazi, mikono yake yote miwili imeshika ngazi.