Nyota Tano za Levina

Asubuhi shambani ilianza na moshi. Mama alikoka moto wa uji nje ya kibanda, baba alivaa mabuti ya mpira akaenda kukagua mpunga, na Levina akafagia uwanja huku mdogo wake Beno akiwa mgongoni. Nyumbani kwao kulikuwa Viwanja Sitini, mjini Ifakara, lakini kila masika familia ilihamia huku bondeni, karibu na Mto Kilombero. Shamba lilikuwa mbali, na magugu hayakusubiri mtu. Mama alipoingia kupalilia, ilibidi awepo wa kumwangalia Beno. Mtu huyo alikuwa Levina.

Miaka yote, kuhamia shambani kulikuwa na maana ya kukosa shule. Wenzake walisonga mbele, naye aliporudi baada ya mavuno alikaa dawati la nyuma akiutazama ubao kama mtu aliyeingia kanisani misa imefika katikati.

Mwaka huu mambo yalikuwa tofauti. Siku chache kabla hawajahama, Mwalimu Evodius, aliyefundisha hisabati darasa la sita, aliwaita wanafunzi wote wanaokwenda mashambani. Mezani kwake palikuwa na vishikwambi vyenye makava mekundu.

"Humu mna masomo ya muhula mzima," alisema. "Video, maelezo na mazoezi. Hayahitaji mtandao. Siku ukipata mtandao, majibu yako yatanifikia mimi hapa."

Levina aliinua mkono haraka. "Yaani mwalimu, nitasoma nikiwa kulekule shambani?"

"Shambani, mtoni, popote. Kitunze tu kisinyeshewe."

Safari nzima, juu ya baiskeli ya baba, Levina alikikumbatia kishikwambi kile alichokiviringisha ndani ya kanga ya mama. Baba alipomwambia ajishike vizuri asije akaanguka, alijibu kwamba mikono yake ina kazi nyingine.

Basi kila jua lilipochomoza, aliweka paneli ndogo ya sola ya kuchajia kishikwambi juu ya paa la nyasi, na Beno alipolala, alikaa kizingitini na kuwasha. Akatokea mwalimu wa kike mwenye sauti ya uchangamfu, akikata machungwa vipande vipande kufundisha sehemu. Darasani Levina asingethubutu kumwomba mwalimu arudie jambo mara tatu. Huyu alirudia bila kununa, na hakuna mwenzake aliyecheka. Kila alipopata jibu, kishikwambi kililia na nyota ya dhahabu ikachomoza. Levina naye aliruka.

Mtandao ulipatikana mahali pamoja tu: juu ya kichuguu kikubwa kilichokuwa mpakani, kati ya shamba lao na la Mzee Nickolaus. Siku ya kwanza alipopanda na kunyoosha mkono juu, ujumbe uliingia: "Kazi nzuri, Levina! Endelea hivyohivyo." Alishuka akipiga kelele hadi mama akatoka mpungani na jembe mkononi.

"Nyoka?"

"Siyo nyoka, mama! Mwalimu! Mwalimu ameona kazi yangu!"

Halafu ikaja mada ya uwiano. Hapo mambo yakawa magumu. Levina alisikiliza mara moja, akasikiliza tena, akakosa maswali karibu yote. Siku hiyo Dionisi, mtoto wa Mzee Nickolaus aliyekuwa darasa la saba, alikuja kumtembelea na kishikwambi chake kwapani.

"Unajitesa bure," Dionisi alisema. "Angalia. Bonyeza jibu lolote. Ukikosa, kinakuonyesha lililo sahihi kwa rangi ya kijani. Shika akilini, kisha rudia. Maswali ni yaleyale."

"Lakini hiyo si kusoma."

"Nyota ni nyota, Levi. Nani atajua?"

Levina alijaribu mara moja tu, ili aone. Nyota tano zikajipanga mstari mmoja, na muziki ukapigwa. Ilikuwa tamu. Kesho yake akafanya hivyohivyo na mada iliyofuata, na keshokutwa pia. Alipopanda kichuguu, alikuta ujumbe mpya: "Levina, sasa unaongoza darasa zima!" Baba alimsimulia kila aliyepita njiani. Levina alitabasamu, lakini safari hii hakuruka.

Wiki ya pili ya palizi, pampu ya baba ya kupigia dawa ya magugu ilipasuka. Akaazima ya Mzee Nickolaus, ambayo ilikuwa ndogo kidogo. Baba aliishika chupa ya dawa, akasoma maandishi yake taratibu, akakuna kichwa.

"Levina, njoo mwanangu. Hapa wameandika mililita mia moja kwa lita ishirini za maji. Pampu yangu ilikuwa ya lita ishirini, sikuwa na shida. Hii ni ya lita kumi na tano. Niweke dawa kiasi gani?"

Levina alihisi masikio yakipata moto. Alitafuta kichwani rangi ya kijani, lakini hapakuwa na rangi yoyote. Kumi na tano. Mia moja. Akachagua namba iliyofanana na kitu cha kweli.

"Mia na hamsini, baba."

"Una uhakika?"

"Ndiyo, baba."

"Hiyo ndiyo faida ya kuongoza darasa!" Baba alicheka, akapima dawa, akajaza maji, akafunga kitambaa usoni na kuondoka na pampu mgongoni.

Levina alibaki amekaa na Beno mapajani. Kitu kilimkera. Pampu imekuwa ndogo. Maji yamepungua. Inakuwaje dawa iongezeke?

Alimtua Beno mkekani, akafungua somo la uwiano kutoka mwanzo. Safari hii hakuruka kitu. Mwalimu yule alisema, "Kwanza tafuta ya kimoja." Levina akaokota kijiti, akaandika chini. Kama lita ishirini zinahitaji mililita mia moja, lita moja inahitaji tano. Tano mara kumi na tano ni sabini na tano. Sabini na tano! Alikuwa amemwambia baba aweke mara mbili ya kinachotakiwa.

"Mama! Mwangalie Beno!" alipiga ukelele, akatoka mbio.

Tope lilimfika magotini. Aliteleza, akaanguka, akainuka. "Baba, acha! Usipige dawa! Baba!"

Kule kwenye jaruba la mwisho baba alikuwa ameshaanza. Mkono mmoja ulisukuma mpini wa pampu, mwingine ulishika bomba, na ukungu mweupe ulishukia mpunga. Aligeuka, akamwona binti yake amejaa tope usoni, akasimama.

"Kuna nini? Beno ameumia?"

"Hapana. Dawa ni nyingi. Ni mara mbili. Itaunguza mpunga."

Baba alitua pampu tutani, akavuta kitambaa chini. "Si ulisema una uhakika? Si una nyota tano?"

Levina aliangalia miguu yake. "Nyota za uwiano sikuzipata kwa kuelewa, baba. Nilikuwa naangalia jibu, kisha narudia. Hesabu yenyewe nimeielewa sasa hivi tu."

Baba aliutazama mpunga uliolowa dawa, akautazama mpunga mwingine wote uliosimama kijani mpaka mbali. Levina alisubiri kugombezwa.

"Hiyo ya sasa hivi," baba alisema hatimaye, "nionyeshe."

Levina alichora tutani kwa kijiti, hatua kwa hatua, akianza na lita moja. Baba alichuchumaa, akafuatisha kwa kidole. "Kumbe! Kwa hiyo hata nikiazima pampu ya lita kumi, nitajua?"

"Hamsini, baba! Tano mara kumi."

"Na hii iliyobaki ndani ya pampu? Tuimwage?"

Levina alifikiri. "Hapana. Tuigawe nusu kwa nusu. Kila nusu tuiongezee maji kiasi sawa na nusu hiyo. Itakuwa sawasawa."

Wakafanya hivyo. Ile kona iliyopigwa dawa kali ilikauka baada ya siku chache, eneo la mikeka miwili mitatu. Shamba lililobaki lilisimama salama.

Jioni ya siku ileile ya kupiga dawa, kabla jua halijazama, Levina aliomba simu ya baba, akapanda kichuguu. Baba na mama walimfuata.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, Levina. Habari za huko?"

Alimweleza yote bila kuficha. Mwalimu Evodius akasema, "Mwanzoni niliona nyota tu nikakusifu, kisha nikatazama kila jaribio. Mtu anakosa yote, halafu papo hapo anapata yote. Nilipanga kukuuliza wiki hii. Nashukuru umenitangulia."

"Naomba uzifute zile nyota, mwalimu. Nianze upya."

"Nitazifuta. Sikiliza, Levina. Zamani mtoto akienda shambani, masomo yalibaki mjini. Leo yamekufuata mpaka tutani. Lakini kishikwambi hakiwezi kusoma kwa niaba yako. Ukikidanganya, hakiumii hata kidogo. Wewe ndiye utakayeumia, siku mtu atakapokutegemea. Leo umeona. Na ulipogundua kosa ulikimbia kulisema, hukulifunika. Hapo umenifurahisha kuliko nyota zote."

Baba alisogea kwenye simu. "Samahani mwalimu, ni Amedeus, baba yake. Humo hamna masomo ya watu wazima kama sisi?"

"Yamo, mzee! Kilimo cha mpunga, ufugaji wa kuku, ushonaji."

"Ushonaji?" Mama alimsukuma baba kwa kiwiko. "Hebu pisha, Baba Levina, nisikie vizuri."

Jumapili iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, familia nzima ilikaa mkekani kuzunguka kishikwambi. Mama alikuwa ameshajifunza kuchora kipimo cha sketi. Sasa ilikuwa zamu ya baba, somo la magonjwa ya mpunga. Dionisi alikuwa amekuja pia, akiangalia kwa nyuma. Swali la kwanza likatokea, baba akabonyeza, akakosa. Jibu sahihi likawaka kijani.

"Hilo hapo, Baba Levina," Dionisi alisema. "Rudia, ubonyeze hilo."

Baba aligeuka akamtazama. "Jibu nimeliona, mwanangu. Lakini ugonjwa ukiingia shambani kwangu hautakuja na rangi ya kijani. Nataka kujua kwa nini nimekosa."

Akarudisha somo mwanzo, akasogeza masikio karibu. Dionisi alisimama kidogo, kisha akafungua kishikwambi chake, akakaa kando ya Levina.

"Levi," alinong'ona, "ule uwiano, hebu nianzishie."

"Kwanza tafuta ya kimoja," Levina alisema, akamsogelea.