Taa za Amolo

Jumapili ile soko la Kibuye mjini Kisumu lilikuwa limefurika, na Amolo alikuwa amechuchumaa mbele ya turubai la muuza vifaa vya umeme vya mitumba, mkono wake juu ya sanduku jeusi la plastiki ngumu lenye sponji ndani. Alivaa gauni la manjano lililomfika magotini na buti nyeusi za kazi, nywele amezisuka mistari. Alikuwa akipima nafasi za sponji kwa vidole aliposhtukia mkono mwingine, wa mwanamume, umeshika mpini wa sanduku lilelile.

"Nimekusalimia mpaka nimechoka," mwenye mkono alisema. "Nikadhani labda wewe pia unauzwa."

Amolo aligeuka. Alikuwa kijana mrefu mwenye shati la samawati lililokunjwa mikono, na macho yaliyocheka kabla ya mdomo.

"Ulinisalimia upande gani?"

"Huo," akasema, akionyesha upande wa kushoto wa Amolo.

"Basi ulikuwa unasalimia ukuta. Zunguka huku uanze upya."

Akazunguka bila kuuliza kwa nini. Hilo Amolo alilitia akilini. Wengi huuliza.

"Hujambo, mrembo. Naitwa Wabwire. Napiga kinanda, na hili sanduku nalitaka."

"Sijambo. Naitwa Amolo. Hili sanduku ni langu."

"Umelipa?"

"Nimelishika kwanza."

Muuzaji aliwaambia wapatane wenyewe, yeye anamuuzia anayetoa pesa mapema. Amolo alikuwa ameshaingiza mkono mfukoni.

"Nyaya za kinanda zitie kwenye gunia, hazivunjiki," alimwambia Wabwire. "Mimi nina vitu vya kuvunjika."

"Vitu gani?"

"Nibebee mpaka Kondele, utaviona."

Akambebea. Nyuma ya saluni ya shangazi yake, Amolo alikuwa na chumba kidogo chenye meza, taa kadhaa za jukwaani zimeegeshwa ukutani, na juu ya meza kitu kilichofunikwa kwa leso. Alipoifunua, Wabwire aliona vipande vya mraba, kila kimoja kama kiganja: kimoja chenye vitufe, kimoja chenye vijiti vya kuteleza, kingine chenye vinobu vya kuzungusha, na kidogo kuliko vyote chenye kioo chembamba.

"Hii ni kontrola ya taa," Amolo alisema. "Hiki chenye kioo ndicho kichwa. Kinaunganishwa kwanza na kompyuta, halafu vingine vinakifuata."

Alisogeza kipande cha vijiti ubavuni mwa kichwa, na sumaku zikavuta vikashikana. Akaongeza vitufe kulia, vinobu chini. Kila kipande kiliposhikana, taa ndogo zake ziliamka zenyewe.

"Naweza kupanga ninavyotaka. Harusi ikiwa ndogo, natumia viwili. Shoo kubwa, vyote. Lakini hapa kwenye maungio, angalia, kuna meno madogo ya shaba. Yakishika uchafu, kipande kinazima. Wale wadudu wa ziwa wakija usiku kwenye taa, wanakufa humu ndani kama vumbi. Kwa hivyo kila baada ya shoo nafungua, napiga brashi, napangusa kwa spiriti na pamba. Na mtu akiweka soda karibu nayo, tunakosana."

Wabwire alisogeza chupa yake ya soda mpaka dirishani. Amolo alimpenda hapo, ingawa ilimchukua muda kukiri.

Siku iliyofuata alikuja na kinanda chake. Amolo alikiunganisha na kompyuta kwa waya mmoja, akamweleza kuwa kinachopita humo kinaitwa midi, nacho hakibebi sauti hata kidogo. Kinabeba habari tu: noti gani imeguswa, kwa nguvu gani, na imeachwa lini. Akamwambia apige. Kila alipogusa noti nene, taa za ukutani zilipiga rangi ya zambarau. Noti nyembamba zikaja nyeupe. Akiachia kidole, zinafifia polepole. Wabwire alipiga kwa muda mrefu.

"Kwa nini ulipanga hivi?" aliuliza mwishoni.

Amolo aliinamia vijiti vyake. Kisha akainua kichwa, kwa sababu hakuwa mtu wa kusema mambo akiwa ameinama.

"Nilipokuwa mdogo, kwetu Kombewa, niliugua homa ya uti wa mgongo. Sikio la kushoto lilikufa kabisa. La kulia linasikia nusu, na kwenye makelele ya spika halisikii kitu. Hivi ndivyo ninavyojua unapiga nini. Hapa watu hawajui. Wakijua, kazi itaisha."

"Mimi nimejua."

"Wewe nimekuambia."

Baada ya siku hiyo, Wabwire alizoea kutembea upande wake wa kulia. Simu zao zilikuwa za kuchekesha, maana Amolo alimfanya arudie kila tamko.

"Nimesema nimekumiss, jaber, mrembo wangu."

"Umekula mbuzi?"

"Nimekumiss, Amolo. Watu wa stegi nzima ya matatu wamesikia isipokuwa wewe."

"Nilisikia mara ya kwanza. Nilitaka stegi isikie."

Mambo yakawa mazuri hivyo kwa miezi. Kisha ukaja mwaliko wa Ogola. Huyu Ogola ndiye aliyekuwa akiandaa sherehe kubwa za mjini, mtu wa suti ya kijivu na simu mbili mkononi, na alikuwa amepewa kazi ya ufunguzi wa ukumbi mpya kando ya ziwa, upande wa Dunga. Bendi ya Wabwire ingepiga. Amolo angewasha taa. Walikuwa wamepatana naye uso kwa uso, wakapeana mikono. Kwa Amolo, ile ilikuwa shoo ya kwanza ya jukwaa kubwa baada ya miaka ya harusi na mahafali.

Juma lile la shoo Ogola alimpigia.

"Amolo, dada yangu, tumebadilisha kidogo. Sydney, fundi wangu wa spika, ndiye atakaa kwenye taa. Wewe tuletee tu mashine yako, umwonyeshe."

"Kwa nini?"

"Nasikia una shida ya masikio. Si vibaya, ni Mungu tu. Lakini muziki ni kitu cha kusikia, unaelewa."

Amolo alikata simu. Alikaa kitandani. Katika Kisumu yote, nje ya damu yake, ni mtu mmoja tu aliyekuwa amemwambia.

Wabwire alipofika jioni ile, alimkuta mlangoni, mikono kifuani.

"Ulimwambia Ogola?"

Uso wake ulimjibu kabla ya mdomo.

"Nilikuwa nakusifu," alisema. "Tulikuwa tunakula samaki, akasema taa zako ni kali. Nikamwambia, na hujui hata, yule msichana anafanya hivyo na sikio nusu, ni macho tu. Nilikuwa najivunia wewe, Amolo. Sikujua atachukua upande mmoja wa maneno."

"Nilikuambia wewe. Sikuwa nimeiambia Kisumu."

"Nimekosa."

"Ulitaka waone una mpenzi wa ajabu. Mimi si ajabu, Wabwire. Mimi ni fundi wa taa. Nenda."

"Jaber, nisikilize."

"Sisikii. Si ulishawaambia?"

Akafunga mlango. Wabwire alipiga simu siku hiyo, na siku iliyofuata, na jina lake likawa linawaka na kuzima kwenye kioo cha simu. Amolo aliitazama tu. Alilia, ndiyo, lakini alilia akiwa anafanya kazi. Alifungua kontrola yote, akapangusa meno ya shaba ya kila kipande, akatoa mbawa za wadudu kwa brashi, akajaribu kila kijiti kutoka chini hadi juu. Kijiti kimoja kilikuwa kinarukaruka. Akakisafisha mpaka kikateleza kama kisu kwenye siagi. Alipomaliza, hasira yake ilikuwa imebadilika sura. Alijiuliza ni nani huyo aliyempa Ogola mamlaka ya kupima masikio ya watu. Hakuwa amemwambia Ogola kwamba amekubali. Alikuwa amekata simu tu.

Jioni ya kuamkia shoo, mwanga ulipita kwenye pazia lake, ukazima, ukapita tena. Alifungua dirisha. Wabwire alikuwa amesimama nje na tochi ya simu, kwa sababu alijua kubisha hakungesaidia.

"Sikuja kujitetea," alisema, akitamka polepole ili midomo yake isomeke. "Nilienda kwa Ogola nikamwambia bila wewe sipigi."

"Nani alikutuma?"

Wabwire aliishusha tochi, na Amolo akaendelea.

"Ukigoma, watasema Amolo ameharibu shoo ya watu. Wewe wapigie watu muziki. Mimi kesho naenda, na nitakaa kwenye taa zangu. Siendi kwa ajili yako, na siendi kwa ruhusa ya Ogola."

"Na sisi?"

"Sisi tutaongea nikimaliza kazi."

Kesho yake mchana alishuka kwenye tuktuk mbele ya ukumbi akiwa amevaa suruali nyeusi, blauzi nyekundu kama moto na zilezile buti. Mapazia mazito yalikuwa yameteremshwa madirishani, ndani giza, nje ziwa linameremeta kwa jua. Ogola alimkuta ameshafika kwenye meza ya taa na sanduku lake liko wazi.

"Amolo, si nilikuambia ni Sydney?"

"Uliniambia. Mimi sikukubali. Tulishikana mikono, Bwana Ogola. Kama unataka kuvunja, panda pale jukwaani uwaambie wenye ukumbi sababu, kwa sauti, na mimi nikiwepo."

Ogola alitazama kulia na kushoto. Sydney, kijana mpole aliyekuwa akifunga waya za spika pembeni, alisema bila kuinuka, "Mimi hiyo mashine sijawahi kuigusa, mkubwa. Na ya mtu siwezi kuigusa akikataa."

"Ukikosea, usinitafute tena," Ogola alimwambia Amolo, akaondoka.

Amolo alikipachika kichwa kwanza, kisha vijiti, vitufe na vinobu. Kipande kimoja kilikataa kuwaka. Akakitoa, akakipangusa, akakirudisha, kikawaka. Akaubana waya wa kompyuta kwenye mguu wa meza kwa utepe ili mtu akiukanyaga usichomoke. Wabwire alileta waya wa kinanda mpaka mezani, akauweka mbele yake, akarudi jukwaani.

Shoo ikaanza. Kila kidole cha Wabwire kilikuja kwake kama rangi, naye akakipokea, akakiongezea, akakipoza. Alipoona besi inapanda, aliinua vijiti vyote na ukumbi mzima ukainuka. Watu walicheza mpaka viti vikasukumwa kando. Ogola alikuwa ameegemea nguzo karibu, akimtazama kama paka anayesubiri.

Wimbo wa mwisho, Wabwire aliacha kinanda akachukua gitaa. Gitaa halikuwa na ule waya wa midi. Amolo alijua hilo, akawa anafuata mguu wake unaopiga sakafu. Lakini karibu na mwisho, kundi la wageni lilisimama mbele ya meza kupiga picha, na jukwaa likapotea nyuma ya vitenge na mabega. Alisogea kushoto, akasogea kulia. Walipopisha, bendi ilikuwa imenyamaza, mikono ya wapigaji imeshuka, na taa zake zote zilikuwa bado zinawaka nyekundu na dhahabu, kwa nguvu, juu ya wimbo uliokwisha.

Watu waligeuka kutazama. Ogola alitoka kwenye nguzo.

 Amolo angeweza kuzima kwa pigo moja la kitufe na kuinamisha kichwa. Hakuzima. Alikaa wima, vidole juu ya vijiti, akatazama jukwaani moja kwa moja.

Wabwire alizitazama taa. Kisha akaisogelea maikrofoni, na Amolo akasoma midomo yake waziwazi.

"Taa bado zinawaka. Mwenye taa hajasema tumemaliza."

Akagonga gitaa, na ngoma zikamfuata, na wimbo ukaanza tena pale ulipoishia. Ukumbi ukalipuka. Sasa si Amolo aliyekuwa akimfuata yeye. Wabwire hakuyaondoa macho yake kwenye mikono ya Amolo, na Amolo alipoanza kuvishusha vijiti, polepole, gitaa likashuka navyo, na ngoma zikashuka, mpaka kijiti kikagusa chini na mwanga na sauti vikafa pamoja.

"Ulikosea," Ogola alimwambia Amolo wakati watu wakiwa bado wanapiga makofi.

"Nilikosea. Sydney naye hukosea, na hujawahi kumwuliza habari za masikio yake." Alivuta kompyuta karibu. "Ukinihitaji, namba yangu unayo. Nitakuja mwenyewe na mashine. Mashine peke yake haiendi popote."

 Mwenye ukumbi alikuwa anakuja mezani kumshika Amolo mkono, ikambidi Ogola apishe njia.

Jua lilikuwa linaelekea kuzama walipotoka. Waliketi kwenye ukuta mfupi unaotazama ziwa, sanduku katikati yao, na Amolo akaanza kazi yake: brashi, spiriti, pamba. Wabwire alishika pamba.

"Mimi nilikosa zaidi yako," alisema. "Kosa lako limetuongezea wimbo. La kwangu lilikuibia kitu. Kuanzia leo habari zako utazisema wewe."

"Nitazisema. Leo Ogola amejua, na bado watu wamecheza." Alimpa kipande ashike. "Usiguse meno kwa vidole, vina mafuta."

Akakishika kwa pembe, kwa uangalifu wa mtu aliyebeba yai. Kisha, bila pete na bila kupiga magoti, maana mikono yake ilikuwa imejaa, akalisogelea sikio lake la kulia.

"Amolo, nataka nikuoe. Nimesema, nataka nikuoe."

"Nilisikia mara ya kwanza."

"Basi?"

Alimaliza kupangusa jino la mwisho, akakitia kipande kwenye sponji, akachukua kile kilichokuwa mikononi mwa Wabwire.

"Ndiyo. Lakini meza ya taa siiachi. Nikiwa na mimba nitakaa pale, na nikiwa na mtoto mgongoni nitakaa pale. Na hili sikio la kulia likija kufa nalo, nitakaa palepale."

"Watu watasema."

"Waseme kwa sauti, basi," Amolo alisema, akaibusu ile midomo aliyokuwa ameizoea kuisoma, mbele ya wachuuzi wa samaki na wageni wote waliokuwa wakisubiri magari yao.