Renatha Anasema kwa Mkono

Kila asubuhi, kabla ya kushika jembe, Edvina alimfunga binti yake kiunoni kwa kitenge. Ncha ya pili aliifunga kwenye nguzo ya baraza. Hakufanya hivyo kwa ukatili. Alifanya hivyo kwa sababu alikuwa amechoka, na hakuona njia nyingine.

Binti huyo aliitwa Renatha. Alikuwa na miaka minne na bado hakuwa ametamka neno. Ukimwita jina, hageuki. Lakini mvua ikipiga bati, anaziba masikio na kulia. Aliweza kukaa asubuhi nzima akizungusha mfuniko wa sufuria sakafuni, akiuangalia bila kuchoka. Ukiuchukua, anajipigiza kichwa ukutani.

Familia iliishi Buganguzi, wilayani Muleba, katikati ya kibanja cha migomba na kahawa. Baba, Protase, alinunua ndizi kwa wakulima na kuzipeleka gulioni kwa baiskeli. Alirudi jioni akiwa hoi. Mgongoni mwa Edvina kulikuwa na mtoto mwingine, Onesphory, ambaye alikuwa anaota meno. Usiku analia huyu, mchana anahangaika yule. Edvina alikuwa amesahau ladha ya usingizi.

Kuhusu kitenge kulikuwa na sababu. Wakati wa masika Renatha alitoweka. Watu walimtafuta vibanjani wakiita, lakini yeye haitiki akiitwa. Walimkuta bondeni kwenye chemchemi, maji yakimfika kifuani, akitazama jinsi yanavyomiminika. Alikuwa anacheka. Edvina alimtoa majini, akakaa naye kwenye matope. Kesho yake ndipo alipoanza kumfunga.

Siku moja alikuwa anamenya ndizi pamoja na mama mkwe wake, Bibi Immakulata. Bibi alimtazama mjukuu, kisha akatazama pembeni.

"Edvina, mtoto huyu ametupiwa kitu," alisema. "Kwenye ukoo wetu hajazaliwa mtu wa namna hii."

"Hata kwetu hajazaliwa, Mama."

"Basi Jumamosi tunampeleka kwa mganga. Nimeshazungumza na Protase, amekubali."

"Atamfanya nini?"

"Atamchanja na kumfukiza. Kilichomkalia kichwani kitatoka."

Edvina aliendelea kumenya. Alimwona Renatha akishikwa na watu wazima, moshi ukimwingia machoni, wembe ukimpita kichwani. Alitaka kusema hapana. Lakini kusema hapana kungeleta maneno, na maneno yangehitaji nguvu. Akachukua ndizi nyingine.

Jumapili iliyotangulia kulikuwa na tangazo kanisani. Watafiti wa ukuaji wa watoto wangekuja kwenye zahanati ya kijiji. Waliwaomba wazazi wenye watoto wadogo, hasa wale wanaochelewa kuongea, wafike kuwasikiliza. Baada ya Misa uvumi ulienea kuliko tangazo lenyewe.

"Wanawavalisha watoto kofia yenye nyaya," jirani yake Agnes alimwambia. "Inanyonya ubongo. Mimi wangu siwapeleki!"

"Afadhali wanyonye na wa kwangu," Edvina alijibu. "Labda nitapata kulala."

Agnes alicheka. Edvina hakucheka.

Watafiti walifika siku ya Alhamisi. Edvina hakumuaga mtu. Alimfunga Onesphory mgongoni, akamshika Renatha mkono, akaenda. Njiani Renatha alikaa chini mara nyingi, akagoma kutembea. Walipofika, Edvina alikuwa amelowa jasho, nusura arudi.

Walipokewa na mmoja wa watafiti, daktari mwanamke aliyeitwa Eufrazia. Alikuwa mzaliwa wa Maruku, akamsalimu kwa Kihaya. Kisha alivua viatu na kukaa mkekani, mbali kidogo na Renatha. Hakumwita wala hakumgusa.

"Mama Renatha, nikueleze kwanza tunafanya nini," alisema. "Tunachunguza jinsi ubongo wa mtoto unavyokua. Tunataka kujua kwa nini watoto wengine wanajifunza kuongea na kucheza kwa njia tofauti. Tunamtazama mtoto akicheza na tunamuuliza mzazi maswali. Akikubali, tunamvalisha kofia hii."

Alimpa Edvina kofia. Ilikuwa laini kama soksi, yenye vifungo vidogo na nyaya nyembamba.

"Inanyonya ubongo?" Edvina aliuliza.

"Hapana. Haiingizi kitu wala haitoi kitu. Inasikiliza tu, kama nesi anavyosikiliza kifua kwa kipimo chake. Vaa wewe kwanza, uone. Na usipotaka kushiriki, hakuna atakayekulaumu. Ushauri utaupata vilevile."

Edvina aliivaa. Haikuuma. Alipojaribu kumvalisha Renatha, mtoto alipiga yowe, akajitupa chini. Watu waliokuwa nje walichungulia dirishani. Edvina alimbana mikono ili kofia iingie.

"Mwache, mama," Eufrazia alisema upesi, akaiweka kofia mezani. "Leo hataki. Basi."

"Samahani, daktari. Ndivyo alivyo, haambiliki."

"Usiniombe samahani. Kitu kikimgusa kichwa, yeye anakisikia kuliko wewe na mimi. Kwake ni kama kuchomwa."

Baada ya muda Renatha alitulia. Daktari alimpima masikio, yalikuwa mazima. Alimuuliza Edvina mambo mengi: alianza lini kutembea, anapenda nini, anaogopa nini, anatazama watu usoni? Alimtazama mtoto akizungusha kifuniko cha chupa. Mwishoni alisema, "Mama, ninavyoona, Renatha ana usonji. Nitakuandikia uende hospitali ya wilaya wakamwangalie vizuri zaidi, lakini dalili nyingi ziko wazi."

"Usonji ni ugonjwa gani?"

"Si ugonjwa wa kuambukiza. Ni namna ubongo wake ulivyojijenga tangu akiwa tumboni. Mambo ambayo wengine wanayajua bila kufundishwa, kama kuongea na kuelewa sura ya mtu, kwake ni magumu."

"Nilifanya kosa gani nikiwa mjamzito?"

"Hukufanya kosa. Chanjo haileti usonji. Malezi hayaleti, wala hakuna jirani aliyemtupia kitu. Tunajua kwamba mengi yanatokana na vitu tunavyorithi. Mengine bado hatuyajui. Ndiyo maana tunatafiti."

Swali lililomtoa Edvina nyumbani lilikuwa moja.

"Dawa yake iko wapi?"

Eufrazia hakukwepa. "Dawa ya kuondoa usonji haipo, mama. Atakayekwambia anayo, anakudanganya."

Edvina aliinamisha kichwa na kuanza kulia. Hakulia kwa sauti. Machozi yalidondoka tu, kama ya mtu aliyepanda mlima mrefu akaambiwa njia si hiyo. Daktari hakumwambia anyamaze. Alimchukua Onesphory, akampakata, akasubiri.

Wakati huohuo Renatha aliinuka. Alimshika mama yake kifundo cha mkono, akamvuta kuelekea mlangoni.

"Anakwambia nini?" Eufrazia aliuliza.

"Haniambii kitu. Hajui kusema."

"Na huo mkono?"

Edvina alifuta macho. "Anataka kutoka nje."

"Kumbe amesema, na wewe umeelewa. Tuanzie hapo."

Daktari alimfundisha polepole. Renatha akimvuta kuelekea mtungi, aseme neno moja, "maji," amwonyeshe kikombe, asubiri kidogo, ndipo ampe. Asimwage maneno mengi kwa pamoja. Kabla ya kutoka nyumbani, amwonyeshe viatu ili ajue safari inakuja. Akizidiwa na kelele, ampeleke mahali patulivu badala ya kumchapa.

"Daktari, kuna jambo naona aibu kulisema," Edvina alisema. "Huwa namfunga kwa kitenge. Nikimwacha, anakwenda majini."

Eufrazia alimsogelea. "Hofu yako ni ya kweli. Lakini akifungwa hajifunzi, na siku kitenge kikilegea atakwenda palepale. Zungushieni uwanja uzio. Waambieni majirani kwamba akionekana peke yake arudishwe, na kwamba hataitika akiitwa. Tena usibebe mzigo huu peke yako. Kesho nitapita nyumbani. Namtaka na baba."

Jioni Protase alifoka. "Umempeleka kwa watu wa nyaya bila kuniambia?"

"Nawe ulimpangia mganga bila kuniambia," Edvina alijibu. Hata yeye alishangaa kusikia sauti yake. "Baba Renatha, mimi nimechoka. Kesho daktari anakuja. Msikilize. Ukishamsikiliza, ndipo useme."

Eufrazia alikuja kama alivyoahidi. Protase alimuuliza maswali kwa ukali, kisha kwa upole. Bibi Immakulata alikaa barazani na kugeuza uso.

"Kwa hiyo mganga hawezi?" Protase aliuliza.

"Chale zitamwachia vidonda na moshi utamtisha. Usonji utabaki palepale."

Protase alimtazama binti yake. Renatha alikuwa anatazama mwanga ukipita kwenye majani ya mgomba, huku akitikisa vidole.

"Jumamosi haendi mtu," alisema. "Mama, nisamehe."

"Mmekuwa wasomi," Bibi alijibu, akaingia ndani.

Jumamosi hiyo Protase alikata miti, akachimba mashimo, akajenga uzio na kuufungia mlango. Agnes alikuja kushangaa, akaishia kushika kamba. Edvina alikikata kitenge, akakigawa kuwa nepi za Onesphory.

Mabadiliko hayakuja kwa mkupuo. Kuna wiki Renatha alijifunza kuleta kikombe akiwa na kiu, na wiki nyingine alikisahau na kulia kutwa. Hospitali ya wilaya ilithibitisha kwamba ni usonji, ikawapa siku za kurudi na mtoto kwa mazoezi. Mara nyingine Edvina alienda, mara nyingine Protase aliacha baiskeli akaenda yeye. Watafiti waliporudi Buganguzi, Agnes alikuwa na mwanawe kwenye foleni.

Jumapili moja Edvina alirudi kutoka Misa ya kwanza. Alimkuta Bibi Immakulata jikoni, Onesphory mgongoni. Renatha alikuwa amekaa karibu na miguu yake, anakula ndizi na maharage.

"Nani amempakulia, Mama?" Edvina aliuliza.

"Mimi. Alinishika mkono akanivuta mpaka kwenye sufuria." Bibi alikohoa kidogo, asimtazame mkamwana wake. "Nikamwambia, 'Chakula.' Nikasubiri. Nikampa. Si ndivyo mnavyofanya?"

"Ndivyo, Mama."

"Basi nenda kalale. Watoto ninao."

Edvina alisimama akisubiri kusikia neno jingine. Bibi alikuwa ameshageukia sufuria. Edvina aliingia chumbani, akajitupa kitandani na gauni lake la kanisani. Jua lilikuwa juu, kuku wanalia uwanjani. Alilala mpaka jioni, na hakuna aliyemwamsha.