Kikombe cha Byamungu

Byamungu alikufa kikombe kikiwa bado mkononi.

Inspekta Kyarisiima alifika kambi ya wakimbizi ya Rubondo saa nane mchana akitokea Mbarara. Maiti ilikuwa pale pale ilipoanguka. Mezani kulikuwa na chupa moja iliyofunguliwa na mbili zilizofungwa, na nyumba nzima ilinukia vanila kama keki ya harusi. Harufu hiyo ndiyo iliyomtisha. Kifo hakipaswi kunukia vizuri hivyo.

Ilikuwa Juni 2013, na siku hiyo ilikuwa ya kuonja. Byamungu, aliyewahi kufanya kazi ya kupika bia huko Bukavu, alikuwa ametengeneza bia nyeusi yenye maganda ya vanila. Madeleine, mwenye baa mtaani Kakoba mjini Mbarara, alikuja kuionja kabla ya kuinunua.

"Nani alimimina?" Inspekta alimuuliza Madeleine.

"Yeye mwenyewe. Akaonja wa kwanza. Kwetu mwenye nyumba anaonja mbele ya mugeni, mugeni aone kama hakuna sumu. Akameza, akasema vanila imetulia. Kisha akaanguka."

"Na wewe?"

"Sikugusa. Nilikuwa nangoja zamu yangu, afande."

"Basi aliyetafutwa ni huyu mama," konstebo alinong'ona.

Kyarisiima alitikisa kichwa. Kila mtu Rubondo alijua nani hunywa kwanza. Muuaji alijua pia.

Nje watu walikuwa wakipiga kelele za uchawi: "Mulozi! Perpétue ni mulozi!"

Perpétue, mke wa marehemu, alijikunyata chumbani na watoto wake watatu. Yeye ndiye aliyemsaidia mumewe kupika ile bia, na ndiye aliyeosha kile kikombe cha mti, ambacho hakuna mwingine aliyekitumia ila mumewe.

"Leo asubuhi, nani aliingia humu?"

"Batu mingi. Nabintu alileta viti. Emery alikuya kuomba makaa." Akamshika Inspekta mkono. "Afande, banasema batachoma nyumba. Batoto nitabapeleka fasi gani?"

Kyarisiima aliandika majina hayo mawili daftarini. Aliacha askari wawili mlangoni, na njia nzima ya kurudi Mbarara alijiuliza kama askari wawili wanatosha. Hawakutosha, na alilijua hilo.

Majibu ya maabara yalikuja siku ya nne. Bia ilikuwa safi. Sumu ilipakwa ndani ya kikombe: dawa ya kuulia wadudu shambani, ambayo harufu yake kali ilimezwa na vanila. Inspekta aliikunja ile karatasi akaitia mfukoni, asimwambie hata konstebo. Rubondo nzima iliamini sumu ilikuwa kwenye bia. Aliyejua habari za kikombe alikuwa yeye na muuaji, basi.

Akaenda Kakoba kwa fundi seremala, akachongewa kikombe kinachofanana na kile.

Kesho yake asubuhi aliwakusanya majirani uani. Wengine walikuja na mawe, wala hawakuyaficha.

"Bia hii ina sumu?"

"Inayo!" waliitikia.

Alifungua chupa mpya, akamimina. "Hiki ni kikombe cha marehemu," alidanganya. "Nitaonja mimi."

Alijua fika kwamba ni salama. Hata hivyo vanila ilipompanda puani, alisita kukiinua.

Perpétue akamnyang'anya kikombe.

"Wewe ni mugeni," alisema. "Nyumba ni yangu. Mimi ndiye naonja."

"Acha!" Emery, jirani mwenye kibanda cha dawa za mimea, alichomoka katikati ya watu. "Usikunywe! Bia haina kitu, ni kikombe! Ule muti unanyonya dawa!"

Alichelewa. Perpétue alikuwa amekunywa chote.

Watu walirudi nyuma. Walimtazama mjane, wakingoja aanguke. Hakuanguka.

"Nani alikuambia ni kikombe?" Inspekta aliuliza taratibu.

Emery aligeuka kutoka, lakini konstebo alisimama njiani.

"Nani, Emery?"

"Nilikipaka mimi. Perpétue aliponiendea makaa jikoni."

"Byamungu alikukosea nini?"

"Alinitambua. Kule kwetu, mimi ndiye nilionyesha baasi benye bunduki nyumba ya dada yake. Bakaua bote." Akakaa chini. "Alhamisi nina mahojiano ya kwenda Kanada. Akaniambia: utabaambia ukweli, ama nitabaambia mimi."

"Na mjane wake ungemwacha achomwe?"

"Niliogopa, afande. Tangu ile siku sijaacha kuogopa."

Konstebo alimfunga pingu. Watu waliangusha mawe yao chinichini, bila kutazamana, wakaanza kuondoka.

Kyarisiima aliketi kizingitini kando ya Perpétue.

"Kile kikombe kilikuwa kipya, mama. Hakikuwa na kitu. Ulijua?"

"Sikujua."

"Mbona ulikunywa?"

Perpétue alijifuta povu la bia mdomoni. Ndani, mtoto mdogo alikuwa akimwita.

"Kama ningekufa, batoto bangu bangebaki yatima. Yatima, majirani banamupatia chakula. Mutoto ya mulozi, hapewi hata maji."